Kazi ya kwanza Dar es Salaam: kutoka mkoani hadi mshahara wa kwanza

Kinachowaangusha wengi wanaohamia Dar kwa ajira ya kwanza ni zile wiki nne hadi nane kati ya siku ya kushuka stendi na siku mshahara unapoingia. Ndani ya wiki hizo hizo ndipo gharama kubwa kuliko zote inapodaiwa, tena kwa mkupuo: kodi ya chumba ya miezi mitatu, mara nyingi sita, wakati mwingine mwaka mzima. Unadaiwa hela nyingi wakati huna, na unatakiwa uamue utaishi wapi wakati hata majina ya vituo vya daladala huyajui. Kwa hiyo usipange chumba ukiwa bado mkoani, wala siku ya kwanza. Jishikize mahali kwa wiki mbili au tatu, ijue njia ya kazini, ndipo ulipe kodi.

Barua ya ajira isome kalamu ikiwa mkononi

Tafuta kwanza kituo cha kazi. Makao makuu ya kampuni yanaweza kuwa Posta, na wewe ukapangiwa ghala la Kigamboni au tawi la Bunju. Kama barua imeandika "Dar es Salaam" tu, piga simu uulize mtaa na barabara. Jiji hili ni refu kiasi kwamba jibu hilo peke yake linaamua utaishi wapi.

Pili, mshahara uliotajwa ni ghafi au ni wa mkononi? Mara nyingi ni ghafi. Chukua mfano wa 700,000 katika sekta binafsi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 10% kutoka kwako, yaani 70,000, na mwajiri anaongeza 10% nyingine kutoka kwake. Inabaki 630,000, na hiyo ndiyo inayokatwa PAYE, kodi ya mapato ya serikali. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu, kutoka hapo hadi 520,000 unakatwa 8%, na kutoka 520,000 hadi 760,000 unakatwa 20%. Hesabu inakupa 20,000 jumlisha 22,000, sawa na 42,000. Mkononi unabaki na 588,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ondoa tena 15% ya mshahara wa msingi, ambayo ni 105,000, unabaki na 483,000. Laki saba ya kwenye barua imekuwa chini ya laki tano kabla hujala chakula cha mchana. Panga maisha kwa namba ya mwisho.

Tatu, uliza daftari la mishahara hufungwa tarehe ngapi. Ofisi nyingi hulifunga kati ya tarehe 15 na 20. Ukianza kazi tarehe 18, huenda mwezi huo usilipwe kabisa na siku zako zikaunganishwa na mwezi unaofuata. Hapo wiki nne zinageuka sita. Kama inawezekana, omba uanze tarehe 1, na uulize kabla ya kusafiri kama wanatoa mkopo mdogo wa mshahara kwa mwajiriwa mpya. Kuuliza mapema si aibu. Ofisa rasilimali watu huulizwa hilo mara kwa mara, na anakuelewa vizuri zaidi leo kuliko siku utakapomfuata huna nauli.

Nne, angalia muda wa majaribio. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, notisi ya kuvunja mkataba ndani ya mwezi wa kwanza inaweza kuwa siku 7 tu, na baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Usimlipe mtu kodi ya mwaka wakati kazi yenyewe bado haijakushika. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri, mkataba unapokwisha mbali na ulikoajiriwa, akusafirishe wewe na mizigo yako kukurudisha au akulipe gharama. Kwa hiyo hakikisha mkataba umetaja mahali ulipoajiriwa, iwe Kasulu, Songea au Musoma.

Karatasi za kubeba

Ukiisahau moja, kuifuata ni nauli ya kwenda na kurudi. Beba namba ya NIDA (tarakimu 20, hata kama kadi haijatoka), TIN (namba ya mlipakodi), cheti cha kuzaliwa, vyeti vyote vya shule na chuo, nakala zilizogongwa mhuri wa wakili seti tatu, na picha ndogo nane. TIN hutolewa na TRA bila malipo na inaombwa mtandaoni kwa namba ya NIDA. Mwenye steshenari akikusaidia kujaza unamlipa kazi yake, humlipii namba. Chukua pia barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unakotoka. Ofisi ya mtaa wa Dar itaitaka kabla haijakuandikia ya kwake, na ile ya kwao ndiyo benki inaweza kukuomba.

Waajiri wengi wanaoshikisha watu fedha au mali hutaka wadhamini wawili wenye kazi au makazi yanayojulikana. Waombe wahusika ukiwa bado nyumbani, uchukue nakala za vitambulisho vyao. Kutafuta mdhamini Dar ukiwa mgeni ni kazi ngumu kweli.

Vyeti halisi vifunge kwenye nailoni, viweke kwenye begi unalolipakata, si buti la basi. Kabla ya safari vipige picha safi na ujitumie kwa barua pepe. Ukishafika, usitembee navyo kwenye daladala.

Hela ya kuanzia

Tuseme unalenga chumba cha 100,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 600,000, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 100,000, vitu vya kuanzia 300,000, na siku 45 za chakula na nauli kwa 10,000 kwa siku ni 450,000. Jumla 1,450,000. Mwenye nyumba akikubali miezi mitatu inashuka hadi 1,150,000.

Wengi hawana kiasi hicho. Zipo njia tatu za kupunguza, na zote zinafanya kazi. Kaa kwa ndugu hadi mshahara wa pili. Au changia geto na mtu unayemfahamu, kwa mfano mliyesoma naye: chumba na sebule cha 160,000 mkigawana ni 80,000 kila mmoja, na dalali mnagawana pia. Au anza na chumba singo cha choo cha nje kwa miezi mitatu, uhame baadaye ukiwa umesimama. Njia ya kuepuka ni mikopo ya simu na ile ya mtaani yenye riba kali inayoitwa kausha damu. Unarejesha kabla mshahara haujaingia, kwa hiyo unakopa pengine kulipa huku, na mshahara wa kwanza unafika ukiwa umeshaliwa.

Ukienda kwa ndugu, sema mapema utakaa hadi lini, na ulitimize. "Shikamoo mjomba, naomba kujishikiza kwako hadi mwisho wa mwezi wa pili, nikipata mshahara napanga" ni sentensi inayompa mwenyeji amani. Usifike mikono mitupu: mchele wa kwenu, maharage, parachichi, chochote ambacho Dar ni ghali. Ukiwa pale nunua LUKU ya elfu kumi bila kuombwa, leta sukari, toa taarifa ukichelewa kurudi. Kama huna ndugu, tafuta gesti ya kawaida karibu na kazini kwa siku chache, na uombe bei ya wiki.

Kufika

Mabasi mengi ya mikoani huishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Siku hizi mabasi hutembea usiku kucha, hivyo unaweza kujikuta umeshushwa saa 8 usiku. Chagua basi linalofika mchana. Likifika usiku, baki ndani ya stendi hadi kupambazuke, usimfuate mtu anayekuita "mdogo wangu, unaenda wapi?" na kushika begi lako. Anayetoka Dodoma au Morogoro ana treni ya SGR tangu 2024, na yenyewe inakushusha karibu na katikati ya jiji.

Fika siku tano au sita kabla ya kuanza kazi. Siku mbili kati ya hizo ziwe za kazi, kwa sababu utakayoijaribu ni njia, na njia ya Jumapili ni ya uongo. Safari ya dakika 40 siku ya Jumapili huweza kuchukua saa mbili Jumatatu asubuhi, na mvua ikinyesha usiulize. Toka saa 12 asubuhi kama mtu anayewahi ofisini, panda, hesabu magari na dakika, kisha jioni saa 11 rudi kwa njia hiyo hiyo.

Chagua barabara kwanza, mtaa baadaye

Dar imekaa kama kiganja. Vidole ni barabara kuu: Bagamoyo inayopita Mwenge, Tegeta hadi Bunju, Morogoro inayopita Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi hadi Kibamba, Nyerere inayopita Tazara na uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto, Kilwa inayokwenda Mbagala, na ng'ambo ya maji kuna Kigamboni, unakofika kwa kivuko cha Magogoni au Daraja la Nyerere. Sam Nujoma na Mandela zinaunganisha vidole hivyo kwa kukatiza: Mwenge, Ubungo, Tazara, hadi bandarini.

Kanuni ni kuishi kwenye kidole kimoja na kazi yako. Anayefanya kazi Mikocheni akapanga Mbagala kwa sababu kodi ni ndogo, atavuka jiji zima mara mbili kwa siku. Na kama kazi iko pembeni, tuseme Tegeta au Gongo la Mboto, una bahati: panga upande wa mjini zaidi, asubuhi utakuwa unakwenda kinyume na umati.

Umbali Dar upime kwa idadi ya magari, si kwa kilomita. Tuseme gari moja ni 600. Gari moja kwenda na moja kurudi kwa siku 22 ni 26,400 kwa mwezi. Magari mawili ni 52,800. Chumba kilichopungua bei kwa 25,000 lakini kinakuongezea gari moja hakijapungua kitu, na umepoteza saa moja ya usingizi juu yake. Kama kutoka kituoni hadi nyumbani ni bodaboda ya 1,000, hiyo ni 44,000 nyingine. Vyumba "vya ndani ndani" huonekana rahisi hadi ufanye hesabu hii.

Kuhusu mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) wa Barabara ya Morogoro, uliza hali ya huduma wiki unayofika, na usiufanye njia yako ya pekee. Mto Msimbazi ukifurika, barabara hiyo hufungwa pale Jangwani na kila kitu kinasimama. Ijue daladala mbadala na kituo chake, kwa mfano Makumbusho, Simu 2000 au Buguruni, kabla ya masika ya Machi hadi Mei.

Kutafuta chumba

Dalali huwezi kumkwepa kirahisi, ila kubaliana naye kabla ya kupiga hatua hata moja. Hela ya kukuzungusha ni ya siku nzima au ya kila nyumba? Kodi ya mwezi mmoja anayodai utaitoa lini? Jibu sahihi ni siku unayopokea funguo, si kabla. Nyumba moja huwa na madalali watatu kwenye mnyororo. Wagawane wao, wewe unalipa mara moja tu.

Utapeli una sura moja: picha nzuri mtandaoni, bei ya chini kuliko mtaa, mwenye nyumba "yupo safarini", na unaombwa utume advansi ya kushikilia chumba leo kwa sababu kuna mteja mwingine. Usitume hata elfu kumi kwa chumba ambacho hujakiingia. Namba za matapeli zinaripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Ukikipata chumba, kitazame mara mbili, mara moja mchana na mara moja jioni. Mchana angalia:

- Joto. Kama unatoka Njombe au Mbeya, hili ndilo litakalokushinda. Chumba chini ya bati bila silingibodi hakilaliki Januari. Dirisha mbili zinazotazamana ni bora kuliko vigae vya kupendeza.
- Maji. Fungua bomba, usiridhike na kuliona. Uliza ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hutoka siku gani, na yasipotoka wapangaji wanachota wapi. Onja: maji mengi ya kisima yana chumvi, yanafaa kuogea lakini chai itakushinda.
- Umeme. LUKU yako peke yako au mnashea? Mkishea, fahamu mgawanyo umekaaje. Mwenye friji na mwenye taa mbili wakilipa sawa, ugomvi unakuja. Kama ni mita ya peke yako, nunua umeme wa elfu tano kabla ya kusaini uone unit zinazoingia. Deni la zamani litaonekana hapo hapo, na kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021, pia. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, hivyo kubalianeni ataifidia vipi.
- Mafuriko. Tazama ukuta wa nje karibu na ardhi. Mstari wa tope au rangi iliyobabuka kwa usawa mmoja maana yake maji yaliwahi kufika pale. Usiulize dalali, muulize mama anayeuza mkaa jirani.

Jioni sikiliza: baa, viwanda vya uchomeleaji, mifereji inayonuka baada ya joto. Tembea kutoka kituoni hadi getini saa 2 usiku. Kama njia ina giza na hakuna watu, kipo chumba kingine. Uliza geti hufungwa saa ngapi, hasa ukiwa na kazi ya zamu.

Mkataba na malipo

Kabla ya kulipa, pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize: nyumba hii ni ya fulani? Kuna kesi ya mirathi? Ni swali la kawaida pale. Matatizo mawili hujirudia. Mpangaji anayehama anajifanya mwenye nyumba na kuchukua kodi yako, au mtoto mmoja wa marehemu anapangisha bila ndugu zake kujua, na mwezi wa pili wanafika wengine wakidai.

Mkataba wa pango uwe na majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ya kila upande, nani anatengeneza kinachoharibika, na maji, taka na umeme vinalipwaje. Nakala mbili, mashahidi wawili, mhuri wa mtaa ukipatikana. Piga picha kitasa kilicholegea, kioo kilichopasuka na ukuta wenye unyevu, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili usije ukadaiwa wewe.

Lipa kwa benki au simu. Kabla hujathibitisha muamala, jina la mpokeaji linatokea. Lisipofanana na la kwenye mkataba, simama hapo. Ombi la miezi mitatu badala ya sita litoe wewe mwenyewe kwa mama au baba mwenye nyumba, usimwachie dalali. Onyesha barua ya ajira, eleza kwamba uko kwenye majaribio. Mwenye nyumba ambaye chumba chake kimekaa wazi mwezi mzima husikiliza.

Vitu vya kuanzia

Godoro la futi 4 kwa 6, inchi 6, linatosha, na kitanda kinaweza kusubiri. Chandarua na feni visisubiri. Ongeza mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 na kichwa chake, sufuria mbili, ndoo mbili zenye mifuniko, dumu la lita 20, beseni na pasi. Badilisha kitasa au ongeza kufuli lako, maana hujui nani ana ufunguo wa zamani. Vyombo viangalie Kariakoo, nguo za kazi za mitumba Karume, na siku ukitaka kitanda, mafundi wa Keko watakutengenezea kwa kipimo.

Mshahara unapoingia

Siku hiyo hiyo tenga kodi ya mwezi mmoja kando, 100,000 kwa mfano wetu, kwenye akaunti usiyoigusa kwa simu. Kosa linalorudisha watu nyuma hutokea mwezi wa sita wa kupanga: wameishi miezi mitano kana kwamba chumba ni cha bure, kisha wanadaiwa 600,000 kwa wiki moja.

Nyumbani wote wanajua umepata kazi, na simu zitaanza kabla hujapokea senti. Amua kiasi na tarehe, mwambie mzazi mwenyewe: "Mama, kila tarehe 2 nitatuma elfu thelathini." Kidogo kinachofika kila mwezi humsaidia mzazi kupanga kuliko laki moja ya mara moja halafu kimya. Na kadi za michango ya harusi za ofisini zitakufikia wiki ya kwanza. Toa kulingana na uwezo wako, hakuna anayemtarajia mgeni achangie kama meneja.

Linganisha karatasi ya mshahara na hesabu uliyofanya mwanzo. Baada ya miezi miwili au mitatu hakikisha NSSF kwamba michango inaingia kwa jina lako. Makato yanayoonekana kwenye karatasi lakini hayajafika kwenye mfuko ni rahisi kufuatilia yakiwa ya miezi mitatu, si ya miaka mitatu.

Mwezi wa tano, mwezi mmoja kabla ya kodi kuisha, kaa na hesabu ya magari na dakika uliyoiishi kweli. Kama unahama, toa notisi kwa maandishi, maliza deni la maji na taka, picha za mwanzo ziwe mkononi wakati wa kukabidhi funguo, na uombe mwenye nyumba aandike kwenye nakala yako kwamba hakudai.